Baba ananiita mzembe kwa kuwa sijajenga

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 33, nauza vipuri hapa Moshi, nimepanga Majengo kwa 120,000 kwa mwezi na mke na mtoto mmoja. Baba yuko Kibosho, huko mlimani. Kila nikipanda ananiambia umri wangu yeye alishajenga. Krismasi tulitupiana maneno. Nataka nidai sehemu yangu ya kihamba, yaani shamba letu la ukoo lenye ekari mbili, tuko wavulana wanne na dada wawili, niiuze ninunue kiwanja huku chini. Nakosea?*

Marahaba, mwanangu. Kujibishana na mzee umekosea, kuumia hujakosea.

Baba yako alipewa kihamba bure, na mibuni tayari imo. Kisha baridi ikaunguza kahawa ya Brazil mwaka 1975, bei ya dunia ikapaa mpaka 1977, na huenda bati za nyumba yake ni za miaka hiyo. Kodi ya nyumba hajawahi kulipa. Wewe unamwaga 1,440,000 kwa mwaka kwa mwenye nyumba. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei ulivunjika, kahawa ikaanguka, watu wakang'oa mibuni. Kwa hiyo hata yeye leo ana ardhi tu, mfuko mtupu. Usimwone tajiri anayekunyima.

Kuuza sikushauri. Ekari mbili mkigawana sita, unapata theluthi moja ya ekari. Nani atainunua? Jirani au mtu wa ukoo anayejua una shida, na bei ataipanga yeye. Tena makaburi ya babu zenu yamo humo.

Omba mahali pa kujenga, siyo fungu la kuuza. Panda na jani la sale, mmea ambao Wachagga huombea msamaha, muombe radhi, na siku hiyo ardhi usiitaje kabisa. Safari ya pili ndiyo ya kikao: mama, ndugu zako wote, dada zako wakiwemo, na hasa kitinda mimba wa kiume, maana kwa mila nyumba ya wazazi ni yake, na asipokuwepo atakuja kupinga.

Hapa ndipo wengi huharibu. Mzee anaonyesha kwa fimbo, "kuanzia ule mgomba," watu wanapiga makofi, basi. Akifariki, mgomba ulishakatwa na kipande chako kinaingizwa kwenye mirathi Mahakama ya Mwanzo. Masale ya mpaka pandeni siku hiyohiyo, majirani wa pande zote wakiona, mpime kwa futi ya kamba na vipimo viandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Wote wasaini, mzee na mama kwanza. Masale peke yake hayatoshi, huhama usiku.

Muhtasari huo upeleke ofisi ya kijiji uombe hati ya hakimiliki ya kimila, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Uliza kwanza kama kijiji kina cheti chake cha ardhi, bila hicho hati yako haitatoka. Na jina la mkeo liandikwe pamoja na lako, usimwachie karani akuamulie.