Nguvu, kani na nishati: jibu kwa mwanafunzi wa Tanga

Mwanafunzi wa fizikia wa mwaka wa kwanza, mwenyeji wa Chumbageni, Tanga, ameniandikia hivi: «Mwalimu, shikamoo. Mimi na wenzangu tunasoma kitabu cha kiada cha umeme na usumaku kilichoandikwa kwa Kiingereza, na jioni tunaelezana kwa Kiswahili yale tuliyoyasoma. Katika daftari niliandika ‘nguvu ya umeme baina ya chaji mbili’. Mwenzangu akalikata neno nguvu kwa penseli, akaandika juu yake ‘kani’. Nani amepatia? Na je, tuseme uga wa sumaku au uwanja wa sumaku?»

Marahaba, mwanangu. Amepatia mwenzako, na alikuwa na haki ya kukata kwa wino.

Neno nguvu limebebeshwa fizikia nzima. Kinachosukuma huitwa nguvu, kilichohifadhiwa ndani ya betri huitwa nguvu, wati zilizoandikwa kwenye kitako cha balbu huitwa nguvu, na volti 230 za ukutani nazo, kwa baadhi ya waandishi, ni nguvu vilevile. Nimechoka kulisoma. Chukua hizo chaji zako mbili. Charles-Augustin de Coulomb alipozipima kwa mizani ya msokoto mwaka 1785, alichopima ni kani, yaani msukumo au mvuto baina yake, na kanuni yake inasema kwamba umbali baina ya chaji ukiongezeka maradufu, kani hushuka hadi robo. Nishati, yaani uwezo wa kufanya kazi, iliyohifadhiwa katika chaji hizo hizo, kwa ongezeko hilo hilo la umbali, hushuka hadi nusu tu. Sasa mwandishi anayeziita zote mbili nguvu atatuambia kitu gani? Akisema nguvu imeshuka hadi robo atakuwa amesema kweli, na akisema imeshuka hadi nusu atakuwa amesema kweli pia, lakini msomaji wake atabaki pale pale alipokuwa.

Sentensi iliyonikera kupita zote niliikuta katika muhtasari uliokuwa ukisambazwa na wanafunzi: «Nguvu ya sumaku haiipi chaji nguvu.» Tuitazame kwa karibu, kwa sababu aliyeiandika alikuwa anajua fizikia yake. Alikusudia jambo ambalo ni la msingi kabisa katika somo hili: kani ya sumaku inayoishika chaji iliyo mwendoni huelekea upande ulio mraba na mwendo wenyewe, yaani kwa pembe ya digrii 90, na kwa hiyo huipinda njia ya chaji bila kuiongezea kasi wala kuipunguzia. Ni kama mbuzi anayezunguka mnazi aliofungiwa huku kamba imekazika: kamba humvuta kuelekea kwenye shina, haimsukumi mbele. Kani ipo, tena inaweza kuwa kubwa sana, lakini haifanyi kazi, na nishati ya chaji haibadiliki. Hayo yote mwandishi aliyajua, kisha akayafunga katika sentensi ambayo msomaji mmoja ataielewa kwamba sumaku ni dhaifu, mwingine ataona mwandishi anajipinga mwenyewe, na wa tatu ataikariri kwa ajili ya mtihani bila kuielewa. Badilisha maneno mawili tu: «Kani ya sumaku haiipi chaji nishati.» Sentensi ni fupi vilevile, Kiswahili chake ni safi, na hakuna wa kuikosea. Mwanafunzi makini atauliza papo hapo, je, mota inazungukaje basi? Hilo ni swali zuri mno, lakini hawezi hata kuliuliza sawasawa ikiwa kani na nishati kwake zina jina moja.

Wapo wanaodai kwamba kani na nishati ni maneno ya kubuniwa ofisini. Si kweli. Kani tunayo tangu zamani, na mtu asiyeachia msimamo wake tunasema ameshika kani. Nishati asili yake ni Kiarabu, nashāt, uchangamfu wa kutenda, na imekwisha kuzoeleka hata katika jina la wizara.

Nguvu nayo haifukuzwi, ila ipewe kazi moja: kasi ya kutoa au kutumia nishati, ile inayopimwa kwa wati. Kituo cha Hale, kwenye mto Pangani, tunasema kina nguvu ya megawati 21, maana yake mitambo yake ikifanya kazi kwa ukamilifu hutoa jouli milioni 21 kila sekunde. Uniti tunazonunua kwa ajili ya mita za nyumbani, hizo si nguvu, ni nishati. Pasi ya wati 1,000 hula uniti moja kwa saa 1, na balbu ya wati 10 hula uniti hiyo hiyo kwa saa 100. Nguvu zao zinatofautiana mara mia, nishati waliyotumia ni sawasawa.

Fundi wa Ngamiani akiitazama feni inayozunguka kivivu saa mbili usiku, akasema umeme leo hauna nguvu, simsahihishi. Anazungumzia volti zilizoshuka, sote tunamwelewa, na hakuna mtihani utakaofuata. Lakini anayeandika kwa ajili ya chuo kikuu hana ruhusa hiyo. Na Kiingereza kisitumike kama kisingizio, kwani nacho kinaita kani («electromotive force») kile kinachosukuma umeme katika saketi ilhali hupimwa kwa volti, yaani jouli kwa kulombi, kipimo cha chaji, na vitabu makini vya Kiingereza huwaonya wasomaji kwamba jina hilo linapotosha. Kosa ambalo wenyewe wanalikiri halina sababu ya kurithiwa na sisi.

Kuhusu swali lako la pili, jina la eneo ambamo kani ya umeme au ya sumaku huhisiwa: andika uga. Uwanja unaeleweka na sitagombana na anayeusema mdomoni, lakini uga ndilo neno lililokwisha kukaa katika istilahi, nalo ni fupi, jambo utakalolishukuru utakapofika kwenye milinganyo ya Maxwell, ile ya msingi ya umeme na usumaku, na kulitaja katika kila mstari. Uga wa umeme upime kwa nyutoni kwa kulombi, uga wa sumaku kwa tesla, na daftari lako mrudishie mwenzako amalizie kurasa zilizobaki.