Kumtafutia mzee makao Malindi: maswali yenu na majibu yetu

Maswali haya 6 yametoka kwa wasomaji wa Malindi na vitongoji vyake. Wote mnataka kujua jambo moja: utajuaje mzee wako anatunzwa vipi saa ambazo wewe hupo?

Swali: Mamangu alipata kiharusi, upande wa kulia hauna nguvu. Daktari amesema anahitaji "nasingi homu". Huku Barani nimeona kibao chenye jina hilo. Nimpeleke?

Jibu: Rudi kwanza kwa daktari umwulize alikusudia nini. Hapa Kenya kibao cha nasingi homu aghalabu ni cha hospitali ndogo ya kibinafsi. Wanazalisha, wanalaza wagonjwa siku mbili tatu, wanatoza kwa siku, halafu mgonjwa anaruhusiwa kwenda nyumbani. Yaelekea daktari alikusudia mahali ambapo mama atatunzwa kwa miezi, yaani makao ya wazee yenye muuguzi. Mjini Malindi hayo ni machache.

Mwulize mambo matatu. Je, mama ana kidonda, mpira wa mkojo au mpira wa kulishia unaohitaji mkono wa muuguzi kila siku? Mazoezi ya viungo yaendelee kwa muda gani, na nani atamfanyisha? Na je, mlezi wa nyumbani akisaidiwa na muuguzi anayepita mara 2 kwa wiki hatatosha? Watu wengi hawaulizi hilo la tatu, ilhali kwa mgonjwa anayemeza vizuri na asiye na kidonda, mara nyingi nyumbani panatosha.

Ikibidi makao, omba kuona leseni. Panapotoa matibabu pawe na leseni ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC), na kila muuguzi awe na leseni yake ya Baraza la Wauguzi. Soma jina na tarehe ya mwisho. Wapishi nao wawe na cheti cha afya, ambacho hupimiwa upya kila miezi 6.

Ukilazimika kuchagua kati ya mahali pazuri kidogo hapa Malindi na pazuri zaidi Mombasa, sisi tungechagua hapa. Mombasa ni kilomita kama 120. Mzee anayetembelewa mara 3 kwa wiki hutazamwa vizuri kuliko anayetembelewa mara moja kwa mwezi, hata kama jengo la pili lina bustani.

Swali: Jumamosi tunaenda kuona mahali tulipoelekezwa. Tutazame nini?

Jibu: Jumamosi mtaonyeshwa sebule. Nendeni, kisha mrudi siku nyingine bila kutoa habari, saa 7 mchana wakati wa chakula au saa 1 jioni zamu zinapobadilishana.

Anzeni chooni. Kuwe na vyuma vya kushikia pande zote mbili za kiti cha choo, sakafu isiwe vigae vinavyoteleza vikipata maji, na mlango ufunguke kwa nje. Mzee akianguka nyuma ya mlango unaofunguka kwa ndani, mwili wake ndio unaouzuia, na anayetaka kumwokoa hawezi kuingia. Chukueni futi ya fundi. Kiti cha magurudumu hakipiti vizuri mlango ulio chini ya sentimita 80. Njia ya mteremko ipimwe hivi: kwa kila sentimita 1 ya kimo, urefu uwe sentimita 12. Kizingiti cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wa mita 1.8. Mkiona kipande cha ubao cha nusu mita kimeegeshwa hapo, jueni kuna siku kitamwangusha mtu.

Kisha tazameni visigino. Mwombeni ruhusa mzee asiyeweza kujigeuza, au jamaa zake, mwangalie visigino, nyonga na mfupa wa juu kidogo ya makalio. Bonyezeni kwa kidole sehemu iliyobadilika rangi. Isipofifia mkiachilia, kidonda cha kitandani kimeanza. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, basi papaseni: pakiwa moto, pagumu au laini kuliko pembeni yake, ni dalili ileile. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe takriban kila baada ya saa 2, usiku pia, na kila mara iandikwe.

Ombeni kuiona karatasi hiyo ya kugeuza. Saa 2 usiku, saa 4, saa 6, saa 8, zote kwa kalamu moja, mwandiko mmoja ulionyooka, mstari kwa mstari, bila kuchelewa hata dakika 10? Hiyo imejazwa asubuhi kwa mkupuo. Karatasi ya kweli ina 4:20, ina 6:05, ina doa la chai, ina "amekataa, analala".

Ulizeni usiku wanabaki walezi wangapi walio macho. Mmoja hatoshi, maana kumgeuza mtu mzima bila kumburuta ni kazi ya watu wawili, na kumburuta ndiko kunakochuna ngozi.

La mwisho ni maji. Mzee hahisi kiu kama kijana, na joto la Malindi la Januari hadi Machi humkausha upesi. Kikombe kiwe mahali mkono wake unapofika. Mkikuta jagi limejaa juu ya kabati upande wa pili wa chumba, ulizeni leo amekunywa vikombe vingapi. Vikombe 6 hadi 8 ni kiasi cha kawaida, isipokuwa daktari wa moyo au figo amempunguzia.

Swali: Babangu anadungwa insulini mara 2 kwa siku. Chakula chao ni kizuri na hawatii sukari. Inatosha?

Jibu: Haitoshi. Hatari kubwa kwa mzee wa insulini ni sukari kushuka, na hiyo huja saa zinapopishana. Insulini ya mchanganyiko ya kawaida hudungwa nusu saa kabla ya kula. Sindano ikipigwa saa 12 jioni na wali ukaiva saa 2, mzee atatoka jasho, atatetemeka, ataropoka, na mlezi asiyejua atasema amechoka. Uliza: sindano saa ngapi, sahani mezani saa ngapi, na asipomaliza chakula mnafanyaje?

Kila mlezi ajue hili bila kusoma popote: kipimo cha sukari kikiwa chini ya 4 (mmol/L) na mzee anameza vizuri, apewe vijiko 3 vya chai vya sukari katika maji, apimwe tena baada ya dakika 15. Akiwa amezimia asitiliwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Fungueni friji pia. Chupa ambazo hazijaanza kutumika zikae kati ya nyuzi 2 na 8, mbali na sehemu ya barafu, kwa sababu insulini iliyoganda imeharibika hata ikiyeyuka. Ulizeni umeme ukipotea usiku kucha wanafanya nini. Na kama baba anataka kufunga Ramadhani, daktari apange dozi mapema, mlezi asikisie.

Swali: Mama ni mtu wa stara. Hataki kuoshwa na mwanamume.

Jibu: Ni haki yake, na mwandike kwenye mkataba, pamoja na udhu, kibla, chakula cha halali na nani aitwe kwanza hali ikibadilika. Ulizeni hasa kuhusu zamu ya usiku, kwa sababu mchana mlezi wa kike hakosekani.

Swali: Wanataka malipo ya mwezi, amana, na kadi ya benki ya mzee "ili iwe rahisi". Tukubali? Na SHA italipa?

Jibu: Kadi na namba ya siri msitoe, wala kitambulisho halisi kisibaki kwao, nakala inatosha. Lipeni kwa namba ya biashara, si kwa simu ya mtu, na mwombe risiti.

SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, ni ya matibabu. Msipige hesabu kana kwamba italipia kitanda cha makao. Inua Jamii, posho ya serikali kwa wazee, ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliotimiza miaka 70 na kusajiliwa. Inafaa kwa sabuni na matunda.

Kinachovunja familia ni vitu vilivyo nje ya bei. Daipa 4 kwa siku ni 120 kwa mwezi, nani ananunua? Dawa, gari la wagonjwa, muuguzi wa kidonda, je? Viandikwe kimoja kimoja. Pia mkataba useme notisi ni siku ngapi, na amana inarudi lini mzee akihama au akifariki.

Swali: Nyanya anasahau, anatoka nje usiku, anaongea peke yake. Majirani wameanza kunong'ona mambo ya uchawi. Tumpeleke wapi?

Jibu: Kama kuna yeyote aliyetamka tishio, ripotini leo polisi na kwa chifu, na nyanya asilale peke yake. Kaunti ya Kilifi imepoteza wazee wengi kwa maneno kama hayo. Kule Ganze, Kaya Godoma imekuwa ikiwahifadhi wazee waliokimbia vitisho, ila hapo ni mahali pa kukimbilia, si makao ya matibabu.

Kisha hospitali. Kusahau na kuongea peke yake ni ugonjwa, na wakati mwingine unatibika: maambukizi ya mkojo, sukari kushuka, dawa zinazogongana, tezi ya shingoni, hata masikio yasiyosikia vizuri tu. Wakibaini ni ugonjwa wa kusahau, tafuteni makao yenye ua uliozungushwa ambamo anaweza kutembea. Ulizeni wanafanyaje magharibi inapoingia, maana hapo wengi huanza kuhangaika na kutaka "kwenda kwao". Jibu zuri litataja taa kuwashwa mapema, sauti ya upole, kazi ya mkono kama kuchambua mchele. Wakijibu kwamba humfunga kitandani au humpa dawa ya usingizi kila jioni, ondokeni naye.

Siku anayohamia mpimeni uzito, nyinyi wenyewe, na muuandike. Mpimeni tena baada ya mwezi kwa mizani ileile. Akiwa alikuwa kilo 60 na sasa ni 57, hali ya kula au ya afya imeharibika, na mnapaswa kuuliza siku hiyohiyo.