Mbona Wamarekani wanakataa vituo vya data? Jibu kwa mnaouliza kutoka nyumbani

Tangu Mei 2024, ilipotangazwa kwamba Microsoft na G42, kampuni ya teknolojia ya Abu Dhabi, wanapanga kituo cha data (jengo lililojaa seva, yaani kompyuta za kuhifadhi na kuchakata data) huko Olkaria, Kenya, kitakachotumia umeme wa jotoardhi, maswali ninayoletewa huku Marekani kutoka nyumbani ni mawili. La kwanza: kwa nini watu wa jimbo la Virginia wanakesha kwenye vikao vya kaunti kupinga majengo ambayo sisi tunayaomba? La pili: humo ndani kuna kazi, kijana aje kuitafuta?

Nianze na la kazi, maana jibu lake ni fupi. Ripoti ya JLARC, tume inayolifanyia utafiti Bunge la Virginia, iliyotoka Desemba 2024, inaeleza kwamba jengo la kawaida lenye eneo la mita za mraba kama 23,000 huajiri watu 50 hivi, na karibu nusu yao ni wa kandarasi. Ajira nyingi ziko kwenye ujenzi: hadi watu 1,500 kwa wakati mmoja, kwa miezi 12 hadi 18. Fundi umeme mwenye leseni, fundi wa mabomba na fundi wa mitambo ya kupozea hewa hawakosi kazi hapa. Aliyesomea kompyuta akidhani ataketi mbele ya seva hizo, ajue kwamba zinaendeshwa kutoka mbali. Wanaobaki ndani ni walinzi, mafundi wa kubadilisha vifaa, na wachache wa umeme na mitambo ya kupozea, kwa zamu za mchana na usiku.

Sasa la upinzani. Wanaopinga wengi si watu wanaoogopa teknolojia. Wamekaa jirani na majengo haya, Ashburn katika kaunti ya Loudoun na Manassas katika Prince William, wakajua kinachotoka ndani. JLARC ilikuta theluthi moja ya vituo vya jimbo viko karibu na makazi ya watu. Kwa haki niseme pia faida: kodi ni kubwa kweli. Loudoun hutoza vifaa vya kompyuta dola 4.15 kwa kila dola 100 za thamani, na katika kaunti tano zilizozoea biashara hii mapato hayo yalikuwa kati ya chini ya asilimia 1 na asilimia 31 ya mapato yote. Kwa hiyo madiwani wanaopitisha vituo hawajarogwa. Wanaona shule zinajengwa bila kupandisha kodi ya nyumba.

Jambo linalowachanganya wengi ni maji, na hapo ndipo maneno matamu ya kampuni hupita bila kuulizwa. Chukua hesabu hii. Umeme wote unaoingia kwenye seva hutoka ukiwa joto. Ukiliondoa joto la megawati 1 kwa kuvukiza maji peke yake, unapoteza angani takriban lita 35,000 kwa siku. Kituo cha megawati 100 kinachofanya kazi muda wote kwa njia hiyo kinahitaji lita milioni 3.5 kila siku, na hizo ni za mvuke tu. Maji yakivukia, chumvi na madini hubaki na kuzidi kukolea, hivyo sehemu lazima imwagwe na maji mapya yaongezwe. Madini yakiachwa yakolee mara nne kabla ya kumwaga, ongeza theluthi moja juu ya mvuke. Hayo yanayomwagwa yana dawa za kuzuia kutu na ukoga, na mtambo wa majitaka wa mji mdogo huenda haukujengwa kwa mzigo huo.

Kampuni itasema: sisi tunatumia mzunguko uliofungwa. Ulizeni, uliofungwa wapi? Maji yanayozunguka kati ya seva na kipoza joto karibu kila mara yamefungwa. Swali ni jinsi joto linavyotolewa nje ya jengo, maana mnara wa kuvukiza unaweza kukaa mwisho wa mzunguko uleule uliofungwa. Wakijibu kwamba nje nako wanatumia hewa tu, basi ni kweli maji yatapungua sana, na ndiyo sababu JLARC ilisema vituo vingi vya Virginia havitumii maji mengi kuliko jengo kubwa la ofisi. Lakini hewa hupokea joto kidogo kuliko maji. Itahitajika feni nyingi zaidi na umeme mwingi zaidi, hasa siku za joto kali, na kelele itaongezeka. Hakuna njia isiyo na gharama. Kuna kuchagua nani aibebe. Msikubali takwimu ya wastani wa mwaka. Dai kiwango cha siku yenye joto kuliko zote, kwa sababu siku hiyo mto nao umepungua. Na hesabu hiyo iwe wazi kwa umma: huko The Dalles, jimbo la Oregon, mji ulikwenda mahakamani kulizuia gazeti lisipate takwimu za maji ya Google, na zilipofichuliwa ilionekana kampuni ilitumia zaidi ya robo ya maji yote ya mji mwaka 2021.

Kelele ndiyo inayowakosesha watu usingizi. Sheria nyingi za kaunti hupima desibeli kwa mizani ya A, inayofuata sikio la binadamu kwa kuzipunguza sana sauti nzito. Mngurumo wa feni na kompresa za juu ya paa uko kwenye sauti hizo nzito, nao hupita ukutani. Mkaguzi anakuja, kipimo kinasema halali, na mwenye nyumba bado anausikia kitandani. Anayejua hupima kwa mizani ya C pia, isiyozipunguza sana sauti nzito. Tofauti kati ya C na A ikifika desibeli 20, tatizo ni sauti nzito. Pimeni usiku, kwenye mpaka wa kiwanja na ndani ya chumba madirisha yakiwa yamefungwa, na pimeni kabla ujenzi haujaanza. Bila kipimo cha kabla, kampuni italaumu barabara kuu. Ukanda wa miti utalificha jengo, ila mngurumo hauzuii. Feni za mwendo mdogo na vizuia sauti husaidia, na ni rahisi kuviandika kwenye masharti ya kibali kuliko kuvidai baadaye.

Kuna moshi pia. Kila kituo kina safu ya jenereta za dizeli, mara nyingi za megawati 2 hadi 3 kila moja, zinazojaribiwa mara kwa mara hata umeme ukiwepo. Tarehe 10 Julai 2024, kifaa cha kukinga radi kwenye laini ya kilovolti 230 kaskazini mwa Virginia kiliharibika, na vituo kama 60 vikajitoa kwenye gridi kwa pamoja na kuhamia umeme wao wa akiba. Mzigo wa megawati 1,500 ukatoweka ghafla na waendesha gridi wakalazimika kupunguza uzalishaji. Memphis, jimbo la Tennessee, hali ilikuwa nzito zaidi. Kituo cha xAI, kampuni ya akili bandia ya Elon Musk, kilifunga mitambo mingi ya kufua umeme kwa gesi karibu na Boxtown, mtaa wa Wamarekani weusi, na kuiendesha kabla ya kupata kibali cha hewa. Kibali cha mitambo 15 kilitolewa Julai 2025, baada ya wakazi kuvuta hewa ile kwa miezi mingi. Hilo linanichoma.

Mnaouliza watu hushinda vipi: hushinda kwenye karatasi, mapema. Mabango huleta kamera, lakini uamuzi uko kwenye kibali cha kubadilisha matumizi ya ardhi. Prince William iliidhinisha mradi wa Digital Gateway, pembeni ya hifadhi ya uwanja wa vita wa Manassas, Desemba 2023 baada ya kikao kilichopita usiku kucha. Agosti 2025 jaji aliufuta uidhinishaji huo kwa sababu matangazo ya gazetini hayakufuata muda wa sheria. Kampuni zilikata rufaa, lakini mradi mkubwa kuliko yote kaunti hiyo ulikuwa umekwama kwa tarehe za matangazo. Loudoun nayo, Machi 2025, iliondoa haki ya kujenga kituo bila kura ya bodi; sasa kila ombi jipya linasikilizwa. Tucson, Arizona, baraza lilikataa mradi wa Project Blue kwa kura 7 kwa 0 Agosti 2025.

Kwa hiyo ombi likitangazwa, chukueni faili lote siku hiyohiyo. Tafuteni idadi ya jenereta na aina ya vichujio vya moshi, megawati za mwisho na si za awamu ya kwanza, chanzo cha maji, njia ya nyaya za umeme mkubwa, na kama kuna ofisa aliyetia saini mkataba wa kutunza siri za kampuni. Gawaneni hoja, maana kila msemaji hupewa dakika chache. Kibali cha hewa kina muda wake tofauti wa maoni, na wengi huukosa kwa kudhani kikao cha ardhi kimemaliza yote.

Kuhusu bili. Katika gridi ya PJM, inayohudumia Virginia na majimbo mengine, bei wanayolipwa wazalishaji ili wawe tayari kutoa umeme ukihitajika ilipanda kutoka dola 28.92 kwa megawati kwa siku msimu wa 2024/25 hadi 269.92 msimu uliofuata; vituo vya data ni sababu kubwa ingawa si pekee. JLARC ilikadiria mteja wa nyumbani wa Dominion, kampuni kubwa ya umeme ya Virginia, anaweza kulipa dola 14 hadi 37 zaidi kwa mwezi ifikapo 2040. Novemba 2025 wasimamizi wa umeme wa Virginia walikubali kundi jipya la bei kwa wateja wa megawati 25 na kuendelea, kuanzia 2027: mkataba wa miaka 14, na kulipia angalau asilimia 85 ya uwezo wa nyaya na asilimia 60 ya uzalishaji waliouomba, watumie wasitumie. Sharti hilo linakinga kitu kimoja mahususi: kampuni kuomba megawati 300, nyaya zikajengwa, kisha ikaondoka na deni likabaki kwa wenye nyumba. Kwa Olkaria, ulizeni kama sharti kama hilo limo kwenye mkataba wa umeme, na nani anaruhusiwa kuusoma.