Rekodi Yangu ya Vibonde

Kabla sijaenda Dar es Salaam nilikuwa nimeshinda mapambano 9 ya ngumi, 7 kati ya hayo kwa KO, yaani kumlaza mpinzani. Kwetu Kirumba, Mwanza, watoto waliniita bingwa, na kina mama wa dagaa pale soko la Mwaloni waliniongezea kipimo bila kuombwa. Leo ukiniuliza majina ya wale tisa niliowapiga, nitakutajia watatu. Mmoja alikuwa mpakia mizigo. Aliombwa siku ileile ya pambano kwa sababu mpinzani niliyeandaliwa hakuonekana kwenye basi la Shinyanga. Alivua ndala, akavalishwa glovu. Nilimlaza raundi ya kwanza, nikapanda juu ya kamba kushangilia, sijui nilikuwa nashangilia nini.

Mpinzani wa 10 alikuwa na rekodi ya kushinda 6 na kupoteza 7. Nilicheka nilipoisikia. Meneja wangu naye alicheka. Kumbe zile 7 alizipoteza ugenini, karibu zote kwa pointi, tena mbele ya watu wenye majina. Hakuna aliyekuwa amemlaza. Isitoshe alikuwa mashoto, anayetegemea mkono wa kushoto, na mimi sikuwahi kusimama mbele ya mashoto hata mazoezini. Mguu wake wa kulia ulikaa nje ya mguu wangu wa kushoto kila mara, na kila nilipotaka kupiga nilikuta ngumi yake ya kushoto imeshafika. Mwamuzi alinionea huruma raundi ya 5. Kutoka Dar hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100, na nilizipita nikiwa na jicho moja linaloona.

Kwa hiyo wadogo zangu mnaoanza, mnaponitumia rekodi ya mpinzani mkaniuliza "kaka, vipi huyu?", mimi nasoma alizopoteza kwanza. Alipoteza kwa nani, wapi, raundi ya ngapi? Bondia aliyepoteza 7 kwa watu kazi ni hatari kuliko aliyeshinda 15 dhidi ya wapakia mizigo.

Sisemi msipigane na vibonde kabisa. Mapambano mawili matatu ya mwanzo ya raundi 4 ni ya kuzoea taa, kelele na ile njaa ya kupima uzito. Na promota naye ana biashara yake: mashabiki wa nyumbani wananunua tiketi waone mtoto wao akishinda. Shida ni pale utamu unapokolea. Mfano mkubwa ni Deontay Wilder wa Marekani, ambaye alifika kwenye pambano la ubingwa wa dunia Januari 2015 akiwa ameshinda mara 32, zote kwa KO. Njia hiyo ilimpa mkanda, siwezi kubisha. Lakini Bermane Stiverne, bingwa aliyempokonya mkanda huo, usiku ule alimaliza naye raundi zote 12, na mwaka 2020 Tyson Fury alimsambaratisha ndani ya raundi 7. Mkono mzito anao, tena mzito kwelikweli, ila miaka ya kujifunza mambo mengine ilikuwa imeshapita.

Ngazi ninayoipenda ni ya Canelo Álvarez wa Mexico. Mei 2012 alimpiga Shane Mosley, mkongwe wa miaka 40 aliyekuwa ameshuka, lakini jina lake kila mtu analijua. Aprili 2013 akamkabili Austin Trout, bingwa asiyepoteza hata pambano moja, mashoto, halafu ndiye aliyekuwa amempiga kaka yake Canelo. Pambano la aina hiyo meneja mwoga angelikataa kwenye simu. Miezi mitano baadaye akapoteza kwa pointi kwa Floyd Mayweather, akiwa na miaka 23, na bado akawa mkubwa kuliko alivyokuwa kabla ya kupoteza.

Kwetu hapa ushuhuda ni Hassan Mwakinyo wa Tanga. Septemba 2018 aliitwa Birmingham, Uingereza, kuziba nafasi, akamsimamisha Mwingereza Sam Eggington raundi ya 2, na ghafla nchi nzima ikamjua. Usiku mmoja ulifanya kazi ambayo vibonde 20 wasingeifanya. Tangu hapo kila bondia wa Mwanza anaota simu ya ghafla kutoka Ulaya. Simu hiyo ikija, uliza siku zimebaki ngapi, uzito gani, raundi ngapi, halafu jiulize mwenyewe kwa siri: nilikuwa nafanya mazoezi au nilikuwa nasubiri? Wanaokupigia wanakutafuta kwa sababu wanaamini wewe ndiye kibonde. Mwakinyo huyohuyo alirudi Uingereza Septemba 2022 kwa Liam Smith, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia, tena nyumbani kwake Liverpool, akaishia raundi ya 4.

Mimi sasa nasimamia vijana wachache. Mmoja ni wa Igoma, ana mapambano 5, ameshinda yote, na wiki iliyopita aliletewa mashoto wa Musoma aliyepoteza mara 4. Akacheka, kama mimi nilivyocheka. Nilimweka chini tukaangalia video zote nne kwenye simu yangu, hadi kicheko kikaisha. Pambano tumelikubali, la raundi 8.

Mashoto wa kufanyia mazoezi tumempata pia, mvuvi wa dagaa, mikono kama makasia. Tatizo lake moja tu: usiku wa giza yuko ziwani na taa zake, mchana amelala. Anapatikana kukiwa na mbalamwezi, dagaa wanapokuwa hawafuati taa. Jana jioni tulitoka nje na kijana wangu kuutazama mwezi. Bado mwembamba. Siku nne tano hivi, tunaanza.