Programu yangu inasema Maniema ni ziwa

Swali: Kaka, niko mwanafunzi wa informatike hapa Bukavu, natayarisha memwari. Nilitengeneza programu yenye kusoma maandishi ya intaneti ili ijifunze yenyewe maziwa ya Afrika, nikaipatia mifano mbili tu, Kivu na Tanganyika. Mwanzo ilienda muzuri, ikaokota Mweru, lakini sasa inaniambia Maniema na Ituri pia ni maziwa! Kosa iko wapi?

Jibu: Mudogo yangu, usifute kode, shida iko mu mifano. Programu inaangalia maneno yenye kuzunguka majina uliyoipatia, inakuta "wavuvi wa ziwa Kivu", sawa, lakini inakuta pia "jimbo la Kivu ya Kusini", "jimbo la Tanganyika", juu yote mbili ni ziwa na ni jimbo (Tanganyika tangu 2015). Basi inashika "jimbo la" kama alama ya ziwa, inakamata majimbo kama Maniema na Ituri, na hayo majina nayo yanaleta alama zingine za uongo, kila mzunguko inazidi kupotea.

Hii iliwapata hata wakubwa. NELL, ile programu ya Tom Mitchell na wenzake pale Carnegie Mellon, Marekani, yenye ilianza kusoma intaneti usiku na mchana Januari 2010, iliona "cookies" za intaneti (vifaili vidogo vyenye tovuti inaweka mu ordinatere, lakini kwa Kiingereza neno hilo ni biskuti pia) ikaziweka na biskuti, kisha mafaili ya ordinatere nayo yakaingia kwa vitu vya kuoka!

Dawa yao ndiyo nakushauri na wewe: fundisha vikundi vingi pamoja, maziwa, majimbo, mito, miji, kila kimoja mifano kumi na kitu. Hapo "jimbo la" itavutwa na majimbo, haitapata tena nafasi kwa maziwa. Chagua majina safi, yenye si jimbo pia, kama ziwa Mweru na ziwa Bangweulu, lakini Mai-Ndombe hapana, nayo ni jimbo. Ila usikataze jina kukaa mu vikundi mbili, Tanganyika iko kweli yote mbili, chenye unakataza ni ile alama. Na jina lisiingie mpaka lionekane na alama mbili tofauti.

Kisha kila mzunguko ukiisha, soma orodha wewe mwenyewe, utoe mbaya mbele haijazaa. Hapo nakuomba sana usifanye uvivu.

Na juu maandishi ya Kiswahili ni machache, jina moja halirudi mara nyingi, ongeza ya Kifaransa na alama zake, majina ya maziwa ni karibu yale yale.