Kichwa si masjala

Juma lililopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Singida, afisa mipango aliyemaliza mwaka wake wa kwanza kazini, akiniuliza ninawezaje kutaja takwimu za miradi yote bila kufungua jalada. Nilicheka peke yangu, kisha nikanyamaza, kwa sababu swali hilo hilo niliwahi kulijibu kwa majivuno, na majivuno hayo yakaja kuniponza.

Nilihamia Dodoma katika msafara wa watumishi walioondoka Dar es Salaam baada ya serikali kutangaza, mwaka 2016, kwamba safari hii inahamia makao makuu kwa vitendo. Wenzangu walilalamikia vumbi na upepo. Mimi nilijiona nimekuja kung'aa. Ofisini waliniita Kompyuta. Mkurugenzi aliuliza mradi fulani umepokea kiasi gani katika robo ya pili, nami nikajibu kabla mtunza kumbukumbu hajainuka kwenda masjala, chumba cha majalada. Sikuwa na daftari, kwani kuandika niliona ni kazi ya watu wenye vichwa vizito. Ninaona aibu kuyasema haya, lakini sitaficha kwamba jina lile nililipenda sana.

Yeyote aliyewahi kufanya kazi ya bajeti mjini hapa anakijua kipindi cha Aprili hadi Juni, Bunge linapopitia makadirio ya wizara moja baada ya nyingine kabla mwaka mpya wa fedha haujaanza tarehe 1 Julai. Randama, yaani maelezo ya kina ya makadirio, inarekebishwa asubuhi na kurekebishwa tena jioni, majibu ya maswali ya wabunge yanatakiwa jana, na simu haitulii mezani. Mwaka ule nilikuwa nikipata usingizi wa muda wa saa nne tu, nikijisifu kwamba ninawazidi wote kwa uvumilivu.

Siku moja ya Mei, katika kikao cha maandalizi, mkurugenzi aliniuliza fedha zilizotengwa kwa mradi mmoja wa visima. Nikazitaja bila kupepesa macho. Pembeni yangu alikaa kijana mpole niliyezoea kumtania kwa kubeba kaunta buku, daftari nene la jalada gumu, kila aendako, kama mwanafunzi wa sekondari. Alifunua kurasa zake taratibu, akaweka kidole kwenye mstari, akasema, "Samahani dada, hicho ni kiasi cha rasimu ya kwanza. Kilibadilishwa Jumanne jioni, na wewe ulikuwepo."

Ni kweli nilikuwepo. Jumanne ile jioni nilikuwa nimeinamisha kichwa nikibishana kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi ya binamu yangu kuhusu bei ya ukumbi. Mkurugenzi alivua miwani, akanitazama, akasema, "Kompyuta imeingiwa na virusi." Chumba kizima kilicheka, na waliocheka kwa sauti kubwa ni wale niliokuwa nikiwaokoa kila robo mwaka. Jina sikunyang'anywa, ila tangu siku hiyo lilitamkwa kwa namna nyingine, na hilo mpaka leo halijanitoka.

Kwa muda nilidhani akili imeanza kuchoka. Nilinunua asali, nikatafuna karanga kila asubuhi, nikapungukiwa na hela bila kupata nafuu yoyote. Kumbe kosa langu halikuwa kusahau. Jambo ambalo hukulisikiliza halikuingia kichwani, na lisiloingia haliwezi kusahaulika. Nilipoanza kusoma kuhusu kumbukumbu niliona kwamba hata hilo la kusahau ni maumbile ya kila mtu. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus, ambaye alijifanyia majaribio yeye mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya tunachojifunza hutoweka mapema, katika saa za mwanzo, na kwamba kurudia kwa vipindi hupunguza hasara hiyo. Mwaka 1956 Mmarekani George Miller aliandika kwamba kumbukumbu ya muda mfupi hubeba vitu vipatavyo saba tu. Nami nilikuwa nikijaribu kubeba wizara nzima.

Kwa hiyo nilinunua kaunta buku. Ninaandika tarehe, kilichoamuliwa, kiasi, na nani anatakiwa kufanya nini, papo hapo kikaoni, kwa mkono. Kabla ya kutoka ofisini ninalifunga na kujiuliza nilichoandika; nikikwama ndipo ninafunua. Kesho yake, ndani ya daladala ya kwenda Mtumba, kwenye mji wa serikali, ninajiuliza tena. Simu hukaa ndani ya mtoto wa meza wakati ninapoandika dokezo, na huingia mkobani wakati wa kikao. Ndugu yangu unayesoma haya huku umefungua kazi tatu kwa pamoja, usijidanganye kwamba unazifanya zote. Unazirukia tu, na kila unaporuka unaacha kipande cha akili ulikotoka. Andika. Ukidhani utakumbuka, ndiyo sababu zaidi ya kuandika. Na ulale, maana mtu mzima anahitaji walau saa saba za usingizi, na usingizi ndio unaoyatuliza kichwani uliyojifunza mchana. Anayekesha mwezi mzima akajiita mchapakazi anaiibia ofisi yake mwenyewe, na hilo ninalisema kwa kuwa niliwahi kuwa mwizi huyo.

Mdogo wangu wa Singida, umeuliza pia utafanyaje na bosi anayetaka kujibiwa kila ujumbe papo hapo. Mimi nilimwendea mkurugenzi nikamweleza kwamba jambo la haraka anipigie, nami nitapokea, lakini ujumbe wa kuandikwa nitausoma kila baada ya saa moja. Alinuna kwa takriban majuma mawili. Juma la tatu alinipigia mara mbili tu, na mara moja kati ya hizo alikuwa akitafuta funguo zake za gari.