Maswali ya Wasomaji: Tetesi za Simu Mpya, Tundu Lililoondolewa na Betri Iliyogundishwa

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Morogoro. Simu yangu ina miaka mitano, chaji haifiki adhuhuri, na nimekwisha kudunduliza fedha za kununua nyingine. Kila ninapojiandaa kwenda dukani, kijana wangu ananionyesha picha za toleo jipya linalosemekana kuwa njiani na kuniambia kuwa nikinunua sasa nitajuta. Hali imekuwa hiyo tangu mwaka jana. Picha hizi hutoka wapi, nami nisubiri hadi lini?

JIBU: Mwalimu, kijana wako hakudanganyi, lakini anakuletea habari za aina mbalimbali kana kwamba zote zina uzito mmoja, na hapo ndipo unapokwama.

Chanzo ninachokiamini zaidi ni watengenezaji wa makava. Mwenye kiwanda cha makava kule Shenzhen, China, anataka bidhaa yake iwe dukani siku ile ile simu inapoanza kuuzwa, hivyo hulazimika kutafuta vipimo mapema na kuchonga kalibu ya chuma kwa gharama yake mwenyewe. Akikosea nafasi ya kamera kwa milimita mbili, shehena nzima inakuwa takataka. Mtu aliyeweka mtaji wake juu ya kipimo huwa amekihakiki, na ndiyo sababu picha zinazovuja za umbo la nje, yaani mahali palipo kamera, vitufe na tundu la chaji, mara nyingi huja kuthibitika. Chanzo cha pili ni vibali: nchini Marekani, kifaa kinachorusha mawimbi ya redio hakiuzwi kabla hakijaidhinishwa kwa taratibu za tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, na sehemu ya nyaraka hizo huwekwa wazi kwa umma. Kilicho dhaifu kuliko vyote ni hataza, yaani hati za kulinda uvumbuzi. Kampuni kubwa husajili michoro mingi ya vitu ambavyo hazitavitengeneza kamwe, kwa hiyo ukionyeshwa mchoro wa simu inayokunjwa kama mkeka, umeonyeshwa wazo lililohifadhiwa kabatini, si bidhaa iliyo njiani.

Naomba nikueleze kisa kimoja, kwa sababu ndicho kilichonifundisha namna ya kuzisoma habari hizi. Mwezi Machi 2010, mhandisi wa Apple alisahau simu ya majaribio katika baa moja mjini Redwood City, California. Ilikuwa imevishwa kava lililoifanya ifanane na iPhone 3GS ili wapita njia wasiitambue. Mwezi uliofuata tovuti ya Gizmodo, iliyotoa dola 5,000 kuipata, iliifungua na kuchapisha picha zake, na tarehe 7 Juni kampuni ikaitangaza rasmi kwa jina la iPhone 4. Ni nadra kwa uvumi wa simu kupata uthibitisho mzito kiasi hicho, kwani watu walikuwa na simu yenyewe mezani, wakauona mgongo wake bapa na ule ukanda wa chuma unaoizunguka. Pamoja na hayo, hakuna aliyejua lililo muhimu kuliko yote kwa mnunuzi. Ukanda ule ulikuwa ndio antena, na simu ilipoanza kuuzwa tarehe 24 Juni, wanunuzi waligundua kwamba ukiishika kwa mkono wa kushoto, kiganja kikafunika mwanya mdogo ulio upande wa chini, mtandao unapungua. Tarehe 16 Julai kampuni ilitangaza kuwagawia wanunuzi makava ya bure. Tetesi zilikuwa zimeonyesha umbo, tena kwa usahihi kamili, lakini namna simu inavyoishi mkononi mwa mtu haikuonekana hadi watu walipoishika.

Hata tangazo la kampuni yenyewe halitoshi kukufanya usubiri. Septemba 2017 Apple ilionyesha jukwaani bamba la kuchajia vifaa vitatu kwa pamoja bila waya, likiitwa AirPower, ikasema lingetoka mwaka uliofuata. Tarehe 29 Machi 2019 ikatangaza kwamba mradi umefutwa kwa kuwa haukufikia viwango vyake. Waliokuwa wamelisubiri walisubiri mwaka mmoja na nusu kwa kitu kisichokuwapo. Kusubiri huku huwaumiza wauzaji pia. Kampuni ya Osborne ya California iliyouza kompyuta ya kubebeka kuanzia 1981, kwa dola 1,795, ilifilisika Septemba 1983, na miongoni mwa sababu zinazotajwa hadi leo ni kwamba mwasisi wake alianza kuzisifu kompyuta zijazo mapema mno, wateja wakaacha kuinunua iliyopo. Wanahistoria wengine husema ushindani wa bei nao ulichangia, nami nakubaliana nao, lakini lile jina la ugonjwa wa kuahirisha kununua limebaki kuwa la Osborne.

Sasa nikujibu moja kwa moja. Simu ya miaka mitano ambayo chaji yake haifiki adhuhuri ama ibadilishwe betri, ama, ikiwa imeacha kupokea masasisho ya usalama, ibadilishwe yenyewe. Kungoja kuna maana katika hali moja tu: ukiwa umebakiza wiki chache kufikia tangazo la kawaida la mwaka, ambalo kwa Apple huwa Septemba na kwa simu kubwa za Samsung huwa Januari au Februari, kwa sababu toleo linalotangulia mara nyingi hupunguzwa bei baada ya hapo. Nje ya wiki hizo, nunua. Nenda dukani na daftari la mwanafunzi, ulipige picha chini ya taa ya duka uone kama mwandiko wa penseli unasomeka, kisha ishike simu kwa mkono mmoja kama utakavyoishika darasani. Usitoe fedha kabla hujabonyeza *#06# na kulinganisha namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, na ile iliyoandikwa kwenye boksi, maana simu bandia zilizimwa nchini na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, tarehe 16 Juni 2016, na sipendi fedha ulizodunduliza ziishie huko.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, Mombasa. Kila simu ninayoipenda haina tundu la kuchomekea waya wa masikioni. Rafiki zangu wanasema liliondolewa ili maji yasiingie. Je, ni kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Rafiki zako wamekuletea sehemu ndogo ya ukweli.

Tundu lile la milimita 3.5 ni mjukuu wa plagi kubwa zilizokuwa zikichomekwa kwa mkono katika mitambo ya kuunganishia simu ya karne ya 19. Zipo simu zilizoliacha mapema, lakini mjadala uliwaka tarehe 7 Septemba 2016 Apple ilipotangaza iPhone 7 bila tundu hilo. Mkuu wa masoko wake wa wakati huo, Phil Schiller, alilieleza jambo hilo jukwaani kuwa ni ujasiri. Simu hiyo kweli ilikuwa ya kwanza ya kampuni kupewa alama ya kuzuia maji, lakini miezi sita tu nyuma yake Samsung ilikuwa imeingiza sokoni Galaxy S7, yenye tundu lile lile na kinga ya maji ya kiwango cha IP68, yaani juu zaidi ya IP67 ya mwenzake. Kwa hiyo maji hayatoshi kuwa sababu.

Sababu iliyo nzito zaidi ni nafasi. Ukiifungua simu utaona kwamba tundu hilo linaingia ndani kwa zaidi ya sentimita moja, pembezoni kabisa, mahali ambapo mbunifu anataka kuweka spika, injini ya mtikisiko au kipande cha betri. Pamoja na nafasi kulikuwa na biashara, na tusiione aibu kuitaja: siku ile ile Apple ilitangaza AirPods zisizo na waya kwa dola 159. Samsung, iliyokuwa imelicheka jambo hilo katika matangazo yake, nayo ililiondoa kwenye Note 10 mwaka 2019.

Ninasikitika jinsi uamuzi huu ulivyomwangukia mwanafunzi. Waya wa masikioni wa bei ndogo haukuhitaji kuchajiwa, haukupotea kipande kimoja kwenye matatu, na uliweza kusikiliza redio usiku kucha. Simu nyingi za bei ya kati na ya chini bado zina tundu hilo, basi liulizie kabla ya kuulizia kamera. Ukikosa, kuna kiunganishi kifupi cha kuchomeka kwenye tundu la chaji, ila kijaribu hapo hapo dukani kwa simu yako mwenyewe, kwa sababu si kila kiunganishi hukubaliana na kila simu.

SWALI: Nina duka la vifaa vya simu Mwanza. Nimesikia Ulaya imepitisha sheria ya chaji moja. Nimebaki na waya nyingi za Lightning, zile za kuchajia iPhone za zamani, je, nizitupe?

JIBU: Usizitupe, ila usiagize kwa wingi tena. Sheria hiyo ilipigiwa kura na Bunge la Ulaya Oktoba 2022 kwa kura 602 dhidi ya 13, na tangu tarehe 28 Desemba 2024 inataka simu mpya zinazouzwa huko kwa kuchajiwa kwa waya ziwe na tundu la USB-C. Haituhusu kisheria, lakini kiwanda hakipendi kutengeneza maumbo mawili ya simu moja, na ndiyo sababu iPhone 15 ya 2023 ilitoka na USB-C hadi kwetu. Simu za Lightning zilizouzwa tangu 2012 bado ziko mikononi mwa watu wengi, nazo zitahitaji waya kwa miaka kadhaa.

Wateja wako waeleze jambo moja wanalolichanganya: tundu likiwa moja haina maana kuwa waya zote ni sawa. Waya mmoja wa USB-C hupitisha umeme wa kuchajia kompyuta, mwingine hutosha simu tu, na kwa macho wanafanana. Na mteja akilalamika kuwa chaji inalegea, angalia tundu kabla ya kumuuzia waya mpya. Zima simu, mulika kwa tochi, kisha kwa kijiti cha meno cha mbao vuta taratibu pamba ya mfukoni iliyoshindiliwa kando ya kile kijiulimi cha katikati. Mara nyingi hutoka donge la kijivu, na waya ule ule wa zamani unakaa imara.

SWALI: Ninaishi kando ya bahari Bagamoyo. Simu ya kukunja inanifaa?

JIBU: Soma tarakimu ya kwanza baada ya herufi IP, ile alama ya kinga: ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. Galaxy Z Fold6 ya 2024 ina IP48, na ile 4 maana yake ni kinga dhidi ya vitu vinene zaidi ya milimita 1 tu, ilhali chembe nyingi za mchanga wa ufukweni ni ndogo kuliko hapo. Mwaka 2019, Galaxy Fold ya kwanza iliahirishwa kwa miezi kadhaa baada ya baadhi ya waandishi waliopewa kuijaribu kupata uchafu ulioingia chini ya kioo kupitia bawaba, na wengine kubandua tabaka la juu wakidhani ni plastiki ya kawaida ya dukani. Zimeanza kutoka zenye 6, kama Pixel 10 Pro Fold ya 2025, lakini kwa mtu anayeshinda mchangani mimi bado ningechagua simu isiyokunjwa.

SWALI: Niko Muscat, na huwatumia ndugu zangu wa Unguja simu. Ninasikia kuwa mwaka 2027 simu zote zitarudi kuwa na betri za kuchomoa kwa mkono. Nisubiri?

JIBU: Habari hii ina mzizi wa kweli, ila imekuzwa njiani. Kanuni ya Ulaya ya betri, namba 2023/1542, inataka kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za vifaa vya mkononi ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Simu, hata hivyo, zina kanuni yake iliyoanza kutumika tarehe 20 Juni 2025, nayo inaruhusu betri ibaki kubadilishwa na fundi ikiwa simu inazuia vumbi na maji, na betri inabaki na asilimia 83 ya uwezo baada ya kuchajiwa mizunguko 500 na asilimia 80 baada ya mizunguko 1,000. Simu nyingi za bei kubwa zitapitia mlango huo. Kilicho na faida kubwa kwa ndugu zako kimo katika kanuni hiyo hiyo: vipuri muhimu vipatikane kwa miaka 7 baada ya toleo kuacha kuuzwa, na masasisho ya programu yasipungue miaka 5.

Juzi nilikaa karibu na fundi wa Kariakoo akibadilisha betri ya simu iliyofungwa. Aliipasha moto sehemu ya nyuma kwa kipulizia hewa hadi gundi ikalainika, akapenyeza kadi nyembamba ya plastiki na kuizungusha pembeni polepole, kisha akafika kwenye betri yenyewe, ambayo ilikuwa imegundishwa kitako kizima. Hapo ndipo alipoacha kuongea, kwa sababu betri ya lithiamu ikipinda au kutobolewa huweza kuwaka. Toleo jingine lililokuwa mezani kwake lilikuwa na vijitepe viwili vya kuvuta chini ya betri; alivivuta, vikanyooka kama ubani wa kutafuna, na betri ikainuka kwa vidole. Kwa hiyo usisubiri 2027. Kabla ya kununua kwa ajili ya ndugu zako, mpigie fundi wao wa Unguja umtajie toleo unalolitaka, umuulize kama betri yake inavutwa kwa tepe au inabanduliwa kwa moto, na kama kipuri chake kinapatikana Darajani.